Gabriel Voisin na freni yenye kujilegeza

Ndugu wachimbaji, na ninyi wenye mnatungojea nyumbani, sisi wote wa Bweremana tunajua mteremko wakati wa mvua. Shofere anakanyaga freni kwa nguvu, mapine yanasimama, lakini gari inazidi kuteleza na usukani hausikii tena. Leo tunaeleza maisha ya mtu aliyepigana na shida hiyo zamani.

Gabriel Voisin alizaliwa mwaka 1880 kule Belleville-sur-Saône, Ufaransa. Yeye na mdogo wake Charles walitengeneza ndege. Tarehe 13 Januari 1908, Henri Farman alirusha ndege yao, akazunguka kilometa moja na kurudi pale alipotokea. Kisha kilio kikaingia: mwaka 1912 Charles akafa kwa ajali ya gari. Voisin hakuacha kazi. Vita ya 1914-1918 ilipoisha, akaanza kutengeneza magari.

Ndege nazo, zikitua, magurudumu yalikuwa yanakwama na kuteleza. Katika miaka ya 1920 Voisin akaweka kisahani kizito chenye kuzunguka pamoja na gurudumu. Gurudumu likikwama ghafula, kile kizito kinaendelea kuzunguka na kufungua vali. Mafuta ya freni yanapata njia ya kutoka, freni inalegea, gurudumu linazunguka tena.

Voisin alikufa tarehe 25 Desemba 1973, akiwa na miaka 93. Mwaka 1978 gari ya Mercedes ikatoka na ABS ya Bosch. Kazi ni ileile, lakini umeme njo unapima mwendo wa kila gurudumu, na freni inalegezwa na kukazwa mara nyingi kwa sekunde moja.

Tunajifunza nini? Gari iko na ABS, shofere akanyage kwa nguvu bila kuachilia; pedale ikitetemeka, ni ABS inafanya kazi. Haiko nayo, akanyage na kulegeza yeye mwenyewe. Tena, ABS haiponyeshi freni iliyokwisha wala mzigo kupita kiasi, na kwenye changarawe gari inaweza kukawia zaidi kusimama. Njo maana gia ndogo na mwendo wa polepole vinabaki.

Kwa hiyo, ndugu, mbele ya kupanda juu ya mzigo tuulize: freni ni nzima? Taa ya ABS inabaki inawaka? Kuuliza si matata. Ni haki yetu, na nyumbani wanatungojea.