Mary Shelley na Kiumbe Asiye na Jina

Mary Wollstonecraft Godwin alizaliwa jijini London tarehe 30 Agosti 1797. Baba yake, William Godwin, alikuwa mwanafalsafa na mtunzi wa riwaya. Mama yake, Mary Wollstonecraft, alikuwa amekwisha kujulikana kwa kitabu chake cha mwaka 1792 kilichotetea haki za wanawake. Siku 11 baada ya kujifungua, mama huyo alifariki dunia. Binti akakua akimfahamu mama yake kwa maandishi tu, na mara nyingi alikwenda kusomea kaburini kwake.

Mwaka 1814, akiwa na umri wa miaka 16, Mary alitoroka na mshairi Percy Bysshe Shelley, ambaye tayari alikuwa na mke. Baba yake alighadhibika, na jamii ikamtenga. Mapema mwaka 1815 alijifungua mtoto wa kike kabla ya siku zake, na kichanga huyo akafariki baada ya muda mfupi.

Majira ya joto ya mwaka 1816 yaliwakuta kando ya Ziwa Geneva nchini Uswisi, jirani na mshairi Lord Byron. Mwaka uliotangulia, volkeno ya Tambora ilikuwa imelipuka katika nchi ambayo leo ni Indonesia, na vumbi lake likafifisha jua hata Ulaya. Mvua ilinyesha mfululizo. Wageni wakajifungia ndani wakisomeana hadithi za mizimu, na Byron akapendekeza kila mmoja wao atunge yake. Tabibu wake, John Polidori, baadaye alichapisha hadithi ya mfu anayenyonya damu za watu. Mary, aliyekuwa na miaka 18, alianza kutunga Frankenstein.

Riwaya za kigothi zilizotangulia zilitegemea makasri ya kale, mizimu na laana za koo. Mary aliihamishia hofu hiyo katika chumba cha mwanafunzi wa sayansi. Victor Frankenstein anaunda kiumbe kwa viungo vya maiti, anampa uhai, kisha anamkimbia usiku uleule. Kiumbe anajificha kando ya nyumba ya watu maskini na kujifunza lugha kwa kuwasikiliza. Anapojitokeza kutafuta urafiki, anafukuzwa kwa kipigo. Ukatili wake unaanza baada ya kukataliwa, wala hakuzaliwa nao.

Kitabu kilichapishwa tarehe 1 Januari 1818 katika nakala 500, bila jina la mwandishi. Kwa kuwa dibaji iliandikwa na Percy, ambaye sasa alikuwa mume wa Mary, wengi walidhani kwamba riwaya nzima ni yake, akiwemo mwandishi mashuhuri Walter Scott. Jina la Mary lilitokea katika toleo la mwaka 1823. Kufikia wakati huo alikuwa amewazika watoto watatu kati ya wanne aliowazaa, na Percy alikuwa amekufa maji katika pwani ya Italia mwezi Julai 1822.

Mjane huyo, aliyefiwa na mumewe akiwa na miaka 24, alirudi Uingereza na kuishi kwa kalamu. Mwaka 1826 alitoa The Last Man, riwaya inayosimulia tauni inayoangamiza wanadamu katika karne ya 21. Baba mkwe wake alitoa posho ya kumlea mjukuu kwa sharti kwamba Mary asiandike maisha ya mumewe. Alitii, lakini alipohariri mashairi ya Percy mwaka 1839, aliyaeleza maisha hayo katika maelezo ya mashairi. Alifariki London tarehe 1 Februari 1851.

Riwaya yake iliingia katika jukwaa la tamthilia mwaka 1823, kisha katika sinema. Filamu mashuhuri ya mwaka 1931 ilimtaja mtunzi kwa jina la mumewe, kama Bibi Percy B. Shelley. Aidha, watu wengi walizoea kumwita kiumbe Frankenstein, ilhali hilo ni jina la muundaji wake, na kiumbe mwenyewe hana jina kitabuni.

Suala hili lamhusu mwanachuo wa sarufi. Kwa kiambishi chake, nomino kiumbe imo katika ngeli ya KI-VI. Kwa maana, huchukua upatanisho wa viumbe hai. Anayesema kiumbe kile kilikimbia ameshika umbo la neno, na ndivyo Victor alivyomtazama aliyemuumba: kitu kilichoharibika. Anayesema kiumbe yule alikimbia amemhesabu miongoni mwa wenye uhai, na hilo ndilo aliloliomba kiumbe huyo katika riwaya yote. Lugha zenye kiwakilishi kimoja cha vitu na wanyama huweza kuificha tofauti hii kwa kurudia nomino. Kiswahili huidai katika kila kitenzi. Kwa hiyo, mwalimu anapofundisha upatanisho wa nomino kama kiumbe, kipofu, kijana na kiziwi, asiishie kwenye jedwali la viambishi. Awaulize wanafunzi wake ni nani anayehesabiwa kuwa hai katika sentensi, na ni nani aliyeamua hivyo.