Isaac Michaelson: daktari aliyechunguza jinsi mishipa ya damu inavyoota ndani ya jicho

Mtu mwenye kisukari anaweza kukaa miaka mingi akiona vizuri. Anashona nyavu, anachambua dagaa, anasoma ujumbe kwenye simu bila shida. Kisha asubuhi moja anaona nyuzi nyeusi zikielea mbele yake, au kama pazia limeshuka kwenye jicho moja. Hakuumia, wala hakuingiwa na kitu. Mishipa midogo ya damu imeota ndani ya jicho mahali isipotakiwa, na mmojawapo umevuja.

Kwa nini mishipa ya damu iote ndani ya jicho la mtu mzima? Mtu aliyeweka msingi wa jibu ni Daktari Isaac Michaelson. Amefariki zaidi ya miaka 40 iliyopita, na madaktari wa macho duniani wanalijua jina lake. Kazi yake inamgusa kila mgonjwa wa kisukari na kila mtoto njiti hapa Kanda ya Ziwa, ndiyo maana leo tunasimulia maisha yake.

Swali lililokosa jibu

Michaelson alizaliwa mwaka 1903 katika jiji la Edinburgh, Uskoti, katika familia ya Kiyahudi. Alisomea udaktari, akabobea katika macho, na akafanya kazi katika jiji la Glasgow.

Wakati huo madaktari walikuwa tayari na uwezo wa kuangalia ndani ya jicho. Mwaka 1851 Mjerumani Hermann von Helmholtz alitengeneza kifaa cha kumulika jicho hadi nyuma kabisa, kwenye retina. Retina ni utando mwembamba unaopokea mwanga na kupeleka picha kwenye ubongo. Kazi hiyo inatumia oksijeni nyingi, na oksijeni huletwa na damu. Kwa hiyo madaktari waliiona mishipa ikiwa imetandaa kama matawi ya mti. Ambacho hawakukijua ni namna mishipa hiyo inavyofika pale, na nini kinaielekeza njia.

Mtoto akiwa tumboni, retina yake mwanzoni haina mshipa hata mmoja. Karibu na mwezi wa nne wa mimba, mishipa huanza kuchipua pale mshipa wa fahamu unapoingia nyuma ya jicho. Inasambaa polepole kuelekea pembeni. Upande wa puani hufika mwisho karibu na mwezi wa nane. Upande wa sikioni uko mbali zaidi, hivyo hukamilika karibu na siku za kujifungua.

Michaelson alichukua retina za paka na za binadamu waliokuwa bado hawajazaliwa, akazitandaza bapa na kuzitazama kwa hadubini, hatua kwa hatua. Aliona kwamba mishipa midogo ilichipua zaidi kwenye veni, yaani mishipa inayorudisha damu iliyokwisha kutumika. Kandokando ya ateri, zinazoleta damu yenye oksijeni nyingi, palikuwa na nafasi tupu.

Mwaka 1948 alieleza maana yake. Alisema nyama ya retina yenyewe hutoa kichocheo fulani, na kichocheo hicho ndicho kinachoita mishipa. Panapokuwa na kichocheo kingi, mishipa huota. Panapokuwa na kidogo, hutulia. Alidhani pia kwamba kichocheo hichohicho kinahusika na magonjwa ya retina ya watu wazima, ukiwemo ugonjwa wa macho unaoletwa na kisukari. Hakuweza kukishika wala kukipima. Waliomfuata walikipa jina la Kichocheo X, kwa sababu hakuna aliyejua ni kitu gani hasa.

Mfano wa kitongoji chenye kiu

Tuchukue mfano wa mradi wa maji. Kitongoji kipya kina kiu, watu wanapiga kelele, mafundi wanakuja na kulaza mabomba. Maji yakifika, kelele zinaisha, na mafundi wanaacha kuchimba. Hivyo ndivyo retina ya mtoto tumboni inavyojengwa.

Sasa fikiria mabomba ya zamani yameziba. Watu wanapiga kelele tena, lakini safari hii wanaokuja ni vishoka. Wanalaza mabomba dhaifu, yanapita hovyo na kuvuja kila mahali. Kwa mgonjwa wa kisukari, sukari nyingi ya muda mrefu huharibu mishipa midogo ya retina. Sehemu iliyokosa damu inaita msaada, na mishipa mibovu inaota. Huvuja damu, na baadaye huvuta retina hadi ikabanduka.

Kwa mtoto njiti hali ni tofauti kidogo. Amezaliwa mishipa ikiwa bado njiani. Akipewa oksijeni kupita kiasi, retina inashiba mapema na kuacha kuita, kwa hiyo mishipa inasimama. Wiki chache baadaye retina imekua, ina kiu, inaita kwa nguvu, na mishipa mibovu inaota. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, kabla jambo hili halijaeleweka, watoto wapatao 10,000 duniani walipofuka, wengi wao wakiwa Marekani. Hii haina maana kwamba oksijeni ni mbaya. Bila oksijeni njiti wengi hufa. Inatakiwa ipimwe na kufuatiliwa.

Kutoka maabara hadi Afrika

Mwaka huohuo wa 1948 Michaelson alihamia Israeli. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake kuhusu mzunguko wa damu katika retina za binadamu na wanyama, na baadaye aliongoza idara ya macho ya Hospitali ya Hadassah mjini Jerusalem. Mwaka 1960 alipewa Tuzo ya Israeli kwa kazi yake ya tiba.

Angeweza kubaki na hadubini yake. Badala yake aligeukia upofu wa watu wasio na daktari. Kuanzia wakati huo alishughulika na kujenga huduma za macho katika nchi kadhaa za Afrika, Liberia ikiwa miongoni mwa za mwanzo. Pamoja na kupeleka madaktari, madaktari wa Kiafrika nao walipewa mafunzo, ili kazi isiishe wageni wanapoondoka. Mwaka 1971 aliandaa mkutano wa kimataifa mjini Jerusalem kuhusu kuzuia upofu. Ni mwaka huohuo ambao hapa Mwanza Hospitali ya Bugando ilifunguliwa kilimani, ambayo leo ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa.

Michaelson alifariki mwaka 1982, kichocheo chake kikiwa bado hakijapatikana. Mwaka 1989 watafiti walitangaza protini inayoitwa VEGF, ambayo hufanya mishipa ya damu iote. Mwaka 1994 ilithibitika kwamba ni nyingi katika macho ya wagonjwa wa kisukari walioota mishipa mibovu, na kwamba hutolewa kwa wingi pale retina inapokosa oksijeni. Alichokikisia kwa kutazama retina za paka kilikuwa kweli.

Leo kuna sindano za jichoni zinazozuia protini hiyo. Kuna pia tiba ya leza, inayochoma sehemu za pembeni za retina ili zisiendelee kudai oksijeni. Ni sawa na kupunguza wenye kiu ili vishoka wasiitwe. Tiba zote mbili hufanya kazi vizuri zaidi kabla jicho halijaharibika.

Tufanye nini

Hapo ndipo penye hatari kwetu. Ugonjwa huu hauumi, wala haupunguzi kuona hadi umefika mbali. Anayesubiri dalili, iwe Ukerewe, Sengerema au Magu, anaweza kufika hospitali akiwa amechelewa.

Kama una kisukari, omba kupimwa retina tangu siku unapogundulika, kisha kila mwaka, hata kama unaona vizuri. Mjamzito mwenye kisukari awahi zaidi. Miwani ya kununua mnadani haitibu tatizo hili. Siku ya kipimo utawekewa matone ya kupanua mboni na utaona ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo usiendeshe pikipiki. Nenda na mtu wa kukusindikiza. Endelea kudhibiti sukari na shinikizo la damu, kwani hiyo ndiyo kinga ya mishipa yenyewe.

Kama umejifungua mtoto njiti, hasa aliyelazwa na kupewa oksijeni, usiondoke hospitalini kabla ya kuuliza ni lini macho yake yatapimwa. Kwa kawaida kipimo cha kwanza hufanyika karibu na wiki ya nne baada ya kuzaliwa. Tarehe ukipewa, irudi nayo, hata kama mtoto anaonekana mzima na nyumbani ni ng'ambo ya ziwa.