Mgeni Aliyepewa Sikukuu: Maisha ya Patrick wa Ayalandi

Kila mwaka, ifikapo tarehe 17 Machi, watu wa Ayalandi hupumzika kazi zao, nao hutoka barabarani wakiwa na majani madogo ya kijani vifuani. Mgeni aliyehamia huko, aionapo sikukuu hiyo mara ya kwanza, hutazama maandamano, husikia ngoma na tarumbeta, na jina la Patrick li katika vinywa vya wote. Naye hudhani ya kuwa Patrick alikuwa mfalme wao wa kale, au jemadari aliyewashindia vita. Lakini akiuliza, huambiwa neno la kustaajabisha: Patrick hakuzaliwa Ayalandi. Naye alikuwa mgeni, tena safari yake ya kwanza alifika huko kama mtumwa.

Basi, wapenzi wasomaji, twataka kuwasimulia habari zake, mpate kujua jinsi taifa zima lilivyokuja kuadhimisha siku ya mtu ambaye zamani lilimteka. Patrick mwenyewe alituachia maandiko mawili ya Kilatini, moja ni ungamo la maisha yake na moja ni barua. Hayo ndiyo tutakayoyafuata zaidi, na tukitaja masimulizi ya watu wa baadaye, tutasema.

Patrick aliishi katika karne ya 5. Alizaliwa Britania, kisiwa kilichokuwa chini ya dola ya Rumi, na nguvu za Warumi huko zilikuwa zikiisha. Baba yake, Calpornius, alikuwa shemasi, tena mjumbe wa baraza la mji. Na babu yake, Potitus, alikuwa kasisi. Walikuwa na shamba, na watumishi wa kiume na wa kike. Hivyo Patrick alikuwa mtoto wa nyumba ya kanisa. Lakini aungama ya kuwa siku zile hakumjua Mungu wa kweli, wala hakuwasikiliza makasisi walipomwonya. Jina la Kikristo alikuwa nalo, moyo ulikuwa mbali.

Alipokuwa na umri wa miaka kama 16, wanyang'anyi wa Ayalandi walivuka bahari, wakalivamia shamba la baba yake, wakamchukua pamoja na watu wengi sana. Mtoto wa bwana mwenye watumishi akawa mtumwa wa watu asioijua lugha yao. Akapewa kazi ya kuchunga mifugo. Akakaa hivyo miaka 6, msituni na milimani, katika theluji na baridi na mvua. Huko, pasipo mwalimu wala jengo la kanisa, akaanza kuomba. Asema ya kuwa kwa siku moja aliomba hata mara 100, na usiku karibu vilevile, na kabla ya mapambazuko alikuwa ameamka aombe tena. Maneno aliyoyapuuza nyumbani yalimrudia ugenini.

Kisha usiku mmoja akasikia sauti katika usingizi, ikimjulisha ya kuwa merikebu yake i tayari. Basi akatoroka, akaenda kwa miguu kama maili 200 hata pwani, mahali asipojua mtu. Nahodha akamkataa kwanza, kisha akamchukua. Wakasafiri baharini siku 3, na baada ya kushuka wakatembea siku 28 katika nchi isiyo na watu, na njaa ikawashika. Baada ya miaka kadhaa alikuwa tena Britania kwa jamaa zake. Wakampokea kama mwana, wakamsihi sana, baada ya taabu zile zote, asiwaache tena.

Hapo ndipo lilipo jambo kuu la maisha yake. Usiku mmoja aliona katika ndoto mtu jina lake Victoricus, akitoka Ayalandi na barua nyingi mno. Akampa moja, na Patrick alipoanza kuisoma alidhani asikia sauti za watu waliokaa karibu na bahari ya magharibi, wakimwita aje atembee kati yao tena. Akachomwa moyoni, asiweze kuendelea kusoma, akaamka. Fikirini, ndugu: waliomwita ni watu wa nchi ile iliyomwiba ujana wake. Lakini lugha yao aliijua, na njia zao alizijua. Na miaka ile ya kuchunga mifugo ilikuwa imekwisha kumfundisha yale ambayo chuo kisingaliweza kumfundisha.

Alirudi akiwa askofu. Hakuwa wa kwanza. Mwaka 431 Papa Celestine alikuwa amemtuma Palladius awe askofu wa Wakristo wachache waliokuwapo Ayalandi. Ila Patrick alikwenda hata pembe za mwisho za nchi, ambako hakuna aliyefika kabla yake kubatiza.

Juu ya Pasaka yake ya kwanza katika nchi hiyo, liko simulizi lililoandikwa na mtawa Muirchú katika karne ya 7, muda mrefu baada ya Patrick kufa. Patrick mwenyewe hakuliandika, basi twalitoa kama lilivyopokewa. Yasemwa ya kuwa usiku ule wenyeji nao walikuwa na sikukuu yao kubwa huko Tara, kwenye makao ya mfalme Lóegaire, na ilikuwa marufuku mtu yeyote kuwasha moto kabla moto wa mfalme haujawaka. Patrick, mgeni asiye na jeshi, akawasha moto wa Pasaka mahali ambapo wengi husema ni kilima cha Slane, ukaonekana mpaka Tara. Waganga wa mfalme wakamwonya ya kuwa moto ule usipozimwa usiku uleule hautazimwa milele. Mfalme akaenda kwa magari ya farasi, akaketi na watu wake, akaagiza mtu yeyote asisimame kumheshimu mgeni. Mmoja tu akasimama, jina lake Erc, naye akaamini.

Tukiliacha simulizi hilo, maneno ya Patrick mwenyewe yaonyesha ya kuwa kazi haikuwa nyepesi. Aliwapa wafalme zawadi ili wampishe, akawalipa wana wao waliofuatana naye. Hata hivyo alikamatwa, akafungwa minyororo, akakaa kifungoni siku 14. Wanawake walipoweka mapambo yao juu ya madhabahu wampe, aliwarudishia, ijapokuwa walichukizwa, asije mtu akasema ya kuwa aliifanya Injili biashara. Wala hakuwasahau wanawake watumwa, ambao asema waliteswa kuliko wote, nao walisimama imara katika imani.

Siku moja msiba mkubwa ukampata. Askari wa Coroticus, mtawala aliyehesabiwa kuwa Mkristo, waliwavamia watu waliotoka kubatizwa, wangali katika mavazi yao meupe, na mafuta ya ubatizo yangali yakinukia katika vipaji vya nyuso zao. Wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa wauzwe. Patrick akamtuma kasisi na barua kuomba mateka warudishwe; wale askari wakacheka. Ndipo akaandika barua ya pili, ambayo tunayo hata leo, akikataza Wakristo wasile wala kunywa na watu wale, wala wasipokee sadaka zao, mpaka watubu na kuwaweka huru mateka. Katika barua hiyo ajihesabu kuwa mmoja wa watu wa Ayalandi, akilia ya kuwa wanadharauliwa kwa kuwa ni wa nchi hiyo. Angalieni, mzaliwa wa Britania asimama upande wa waliomteka zamani, dhidi ya mwenye jina la Ukristo. Hapo ugeni wake ulikwisha.

Hata nyumbani hakuachwa kwa amani. Kabla hajawa shemasi alikuwa amemwungamia rafiki yake mpenzi kosa alilotenda siku moja akiwa na umri wa miaka kama 15. Baada ya miaka 30 rafiki yule alilitoa neno lile hadharani, na wazee wa kanisa wakalitumia kuipinga kazi ya Patrick. Kosa lenyewe hakulitaja katika kitabu chake. Aliumia sana, karibu aanguke. Lakini alimhuzunikia yule rafiki, akaendelea na kazi. Pia alionea haya Kilatini chake, kwa kuwa wenzake walisoma wakati yeye alipokuwa akichunga mifugo. Aliandika hivyo hivyo, na maandiko yake yamesomwa zaidi ya miaka 1,500.

Angependa kuwaona tena jamaa zake Britania, lakini aliogopa kuiacha kazi aliyoianza, akakaa Ayalandi mpaka kufa. Mapokeo yasema alikufa tarehe 17 Machi, na kaburi lake huonyeshwa Downpatrick. Habari ya kuwafukuza nyoka ni hadithi tu, maana wataalamu wametambua ya kuwa nyoka hawakuwako huko tangu zama za barafu. Na ile ya kufundisha Utatu kwa jani lenye sehemu tatu iliandikwa zaidi ya miaka 1,000 baada yake. Siku yake ilikuwa sikukuu ya kanisa kwanza. Mwaka 1903 ikawekwa na sheria kuwa siku ya mapumziko kwa Ayalandi yote. Nao waliohamia ng'ambo waliichukua pamoja nao. Mjini New York waliandamana kwa ajili yake tangu karne ya 18, wakiwa wageni katika nchi ya wengine, kama alivyokuwa yeye.

Basi, mgeni anayesimama leo barabarani Dublin akiitazama sikukuu hii kwa mara ya kwanza, asijione kuwa mtu wa nje. Siku hiyo ni ya mtu aliyeletwa kwa nguvu, akatoroka, kisha akarudi kwa hiari yake. Na sisi tukimwona mgeni akiketi peke yake katika sikukuu zetu, tumkumbuke Erc, ambaye alisimama peke yake.