Adam Smith: mutu mwenye alitafuta kuelewa bei na mushahara

Kila jamaa ya muchimbaji inajua hii: mwaka moja shaba iko na bei, mwaka mwingine bei inaanguka, na hakuna mutu hapa kwetu mwenye aliamuru vile. Kazi ni ileile, jasho ni ileile, lakini feza haiko ileile. Zaidi ya miaka 200 iliyopita, mwanaume mumoja alikaa chini na kutafuta sababu. Jina lake ni Adam Smith.

Alizaliwa mu mwaka wa 1723 ku Kirkcaldy, muji mudogo wa bahari mu Uskoti, inchi yenye iko kaskazini ya Uingereza. Baba yake alikuwa anatumika ku duane. Alikufa mbele mutoto azaliwe. Mama yake, Margaret Douglas, akamulea peke yake. Adam hakuoa hata siku moja. Alimuchunga mama yake mpaka mama alipokufa mu mwaka wa 1784.

Ile eneo ilikuwa ya watu wa kazi ngumu: wenye kuchimba makala ya mawe, wenye kupika chumvi, wenye kufua misumari. Kisha Smith aliandika kama mu kijiji kimoja cha Uskoti wafanyakazi walikuwa wanabeba misumari ku duka ya mukate pa nafasi ya feza. Wazee wetu wa Katanga hawangeshangaa, kwa maana wao walinunua vitu na misalaba ya shaba. Feza ni kitu chochote chenye watu wote wanakubali kupokea.

Lakini wachimbaji wa Uskoti hawakuwa watu huru. Sheria ya mwaka wa 1606 iliwafunga ku shimo ya bwana wao. Mwenye kutoroka alifwatwa na kurudishwa. Shimo likiuzwa, wao pia walipita kwa bwana mupya pamoja nalo.

Smith alikuwa na akili ya masomo. Pa miaka 14 aliingia universite ya Glasgow, kisha akaenda Oxford. Mu mwaka wa 1751 akakuwa profesere kule Glasgow. Aliwaonyesha wanafunzi wake jambo la ajabu. Muchimbaji wa Uskoti alikuwa anapata feza mingi kuliko mwenzake wa Newcastle mu Uingereza. Hata vile, watu walikuwa wanatoroka Uskoti ili kwenda kuchimba Newcastle. Sababu gani kukimbilia mushahara mudogo? Sababu kule Newcastle mutu alikuwa huru: akichoka na patron, anaaga na kwenda. Na yule bwana mwenye kufunga watu hakupata faida, kwa maana kazi ya mutu mwenye kufungwa inakula feza mingi mwisho wake.

Mu mwaka wa 1764 aliacha ualimu na kwenda Ufaransa pamoja na kijana wa jamaa kubwa, Duke wa Buccleuch, juu ya kumufundisha. Ku Paris aliongea na watu wenye kufikiri juu ya utajiri wa inchi, kama vile Quesnay na Turgot. Nyuma ya safari, jamaa ya yule kijana iliendelea kumulipa kila mwaka. Akarudi kwa mama yake ku Kirkcaldy, na kuandika miaka mingi. Kitabu chake juu ya utajiri wa mataifa kilitoka London tarehe 9 Machi 1776.

Kitabu kinaanza na pini za kushikiza nguo. Mutu mumoja mwenye hajafundishwa, akifanya yote peke yake, hafikishi pini 20 kwa siku. Lakini watu 10, mumoja anavuta waya, mwingine anakata, mwingine anachonga ncha, wanafikisha 48.000. Kugawanya kazi kunazaa vitu vingi. Lakini mwenye kufanya pini hakuli pini: anapaswa kubadilisha. Ndiyo maana soko iko. Muoka mukate hakupi mukate juu ya huruma; yeye pia anatafuta chakula ya watoto wake. Kila mutu anafwata faida yake, na muji mzima unakula.

Na bei? Vitu vikiwa kidogo na wanunuzi wakiwa wengi, bei inapanda. Bei ikipanda, wengine wanakuja kufanya ile kazi, vitu vinaongezeka, na bei inarudi chini. Smith alitazama migodi pia. Makala ni mazito na bei yake ni ndogo, hayaendi mbali. Shimo yenye kutoa mengi inaamua bei ya majirani. Lakini metali inasafiri dunia nzima: aliandika kama bei ya shaba ya Japani inagusa migodi ya shaba ya Ulaya. Leo bei ya shaba yetu inafwata soko la London.

Juu ya mushahara, alisema kazi ngumu, chafu na ya hatari inapaswa kulipa kuliko kazi nyepesi, kwa maana bila vile mutu huru hawezi kuikubali. Lakini alijua kama pa kupatana bei ya kazi, nguvu haiko sawa. Wapatron ni wachache, wanaelewana kimya-kimya. Wafanyakazi wakijiunga, sheria ya wakati ule iliwakataza. Patron anaweza kukaa mwaka mzima bila wafanyakazi. Mufanyakazi bila kazi, juma moja tu, chungu iko tupu.

Kwa hiyo hakusema soko inatosha kwa yote. Serikali inapaswa kulinda inchi, kukata maneno kwa haki, na kujenga barabara. Na juu ya masomo: mutu mwenye anarudilia kitu kimoja kidogo maisha yake yote, akili yake inalala; basi serikali isaidie watoto wa masikini kusoma. Inchi yenye watu wake wengi ni masikini, kwake haikuwa inchi tajiri.

Mu mwaka wa 1778 alipewa kazi ku duane ya Uskoti, yeye mwenye aliandika juu ya kupunguza kodi za mipaka. Alikufa Edinburgh tarehe 17 Julai 1790, kisha kuomba rafiki zake wachome karibu maandishi yake yote yenye hayakutoka.

Wachimbaji wa Uskoti walianza kufunguliwa na sheria ya 1775, lakini polepole, na wengi walibaki palepale. Uhuru kamili ulifika 1799. Smith hakuuona. Lakini alikuwa ameisha kuonyesha kama mushahara hauna maana kamili kama mutu hana ruhusa ya kuaga na kwenda kwingine.