Theodor Escherich
Mwanafunzi, je, wajua kwamba ndani ya utumbo wako wamo bakteria wengi? Theodor Escherich, daktari wa watoto, alizaliwa Ujerumani mwaka 1857. Zama hizo watoto wachanga wengi walikufa kwa kuhara. Ili aweze kuwatambua bakteria waletao ugonjwa, Escherich alitaka kwanza kuwajua wale wakaao tumboni mwa mtoto mwenye afya. Alichunguza choo cha watoto kwa hadubini. Katika choo cha kwanza cha mtoto hakuona bakteria; saa chache baadaye aliwaona. Mwaka 1885 alieleza aina mpya, yenye umbo la kijiti kifupi. Alifariki mwaka 1911.

Leo bakteria hao huitwa Escherichia coli, kwa heshima yake. Wengi hawadhuru, bali baadhi yao huleta kuhara. Basi, nawa mikono kwa sabuni utokapo chooni.