Elmer Keith: Mkongwe wa bastola aliyetia dhahabu kwenye shabaha

STRAIKA akikosa goli, mpira unatoka nje na mechi inaendelea. Mwindaji akikosa kidogo tu, kulungu anakimbia na jeraha, anakwenda kufia porini. Mbaya zaidi, kulungu hupenda kutoka alfajiri na magharibi, muda ambao mwanga ni wa kubahatisha. Kwa mwenye bastola, hapo ndipo shughuli ilipo.

Elmer Keith aliijua vizuri shughuli hiyo. Alizaliwa Machi 8, 1899 huko Hardin, Missouri, Marekani. Akiwa bado dogo aliungua vibaya nyumba ilipowaka moto mjini Missoula, Montana, na mkono wake wa kushoto ukabaki na ulemavu. Wengi wangestaafu hapo. Yeye akawa mfugaji na mwongozaji wa wawindaji kule Idaho, kisha mwandishi wa silaha mwenye jina kubwa.

Alitaka bastola yenye kinundu cha mbele kipana na upenyo wa mraba nyuma. Kimoja alikitia vistari vya dhahabu vya kupimia umbali.

Jioni, mambo hayo si urembo. Kinundu cheusi kikikaa juu ya mwili wa kulungu, kinamezwa na giza. Dhahabu inadaka mwanga kidogo uliobaki. Upenyo ukiwa mpana, mwanga unaonekana kulia na kushoto kwa kinundu, na jicho linajua kimekaa katikati. Ila dhahabu ya mviringo ina hila zake: ikimulikwa upande mmoja, jicho linafuata mng'ao na risasi inakwenda pembeni.

Keith ndiye aliyepigia debe risasi nzito hadi .44 Magnum ikatoka mwaka 1955. Alisimulia pia kwamba alimpiga kulungu aliyekuwa tayari amejeruhiwa, umbali wa yadi 600, kwa bastola. Wapo waliomwita muongo, naye hakurudi nyuma hata hatua moja.

Alifariki Februari 14, 1984. Tayari mwaka 1975 Aimpoint ya Sweden ilikuwa imeleta nukta nyekundu ya umeme, na leo wengi wanaitumia. Lakini hata nukta hiyo haimulikii mnyama. Ukiiona nukta na kulungu humwoni sawasawa, kidole kitoke kwenye kifyatulio. Mechi ya marudiano ipo kesho alfajiri.