Carothers: alianzisha poliesta, hakuiona ikivaliwa

Wasomaji wenzangu, tukianza kuhesabu vitu vya nailoni na poliesta majumbani mwetu huku Ghuba hatumalizi: abaya, mapazia, mabegi ya safari, mpaka uzi wa cherehani. Leo namzungumzia Mmarekani aliyefungua njia ya vitu hivyo, Wallace Hume Carothers. Jina lake limo katika vitabu vya kemia, nami nimelisomesha miaka mingi, lakini maisha yake hayasimuliwi sana.

Alizaliwa tarehe 27 Aprili 1896 mjini Burlington, jimbo la Iowa. Baba yake alikuwa mwalimu wa chuo cha biashara, na kijana akaanzia huko huko kusomea uhasibu. Kisha akaenda chuo kidogo cha Tarkio, Missouri. Mwalimu wa kemia alipoondoka, Carothers, naye bado mwanafunzi, ndiye aliyepewa madarasa. Akapata udaktari Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1924, akafundisha Harvard, na 1928 akaingia kampuni ya DuPont mjini Wilmington.

Hakuingia kwa pupa. Kabla ya kukubali aliwaeleza waziwazi kwamba hupatwa na vipindi vya huzuni nzito vinavyoweza kumzuia kufanya kazi. Wakamchukua hivyo hivyo.

Wakati ule wataalamu walikuwa wakibishana: mpira na hariri ni molekuli ndefu kweli, au ni vipande vidogo vilivyorundikana tu? Carothers akaamua kuijenga minyororo mwenyewe, pingili kwa pingili. Alichukua asidi yenye mikono miwili na alkoholi yenye mikono miwili. Kila zikishikana maji hutoka, na maji yakiondolewa vizuri mnyororo hurefuka. Aprili 1930 mwenzake Julian Hill aliivuta poliesta iliyoyeyuka, ukatoka uzi. Ulipopoa akauvuta tena, minyororo ikajipanga upande mmoja, uzi ukawa imara na wa kung'aa kama hariri.

Basi furaha ikakutana na pasi! Uzi ule uliyeyuka chini ya nyuzijoto 100. Nguo yake isingeweza hata kufuliwa kwa maji ya moto. Sababu ni umbo. Pingili alizotumia zilikuwa laini, zinajikunja ovyo, na mnyororo mmoja haukumshika jirani yake kwa nguvu. Carothers akaiacha poliesta, akabadilisha kiungo. Badala ya esta akatumia amidi, ambayo haidrojeni yake huvutana na oksijeni ya mnyororo wa jirani. Tarehe 28 Februari 1935 maabara yake ikapata nailoni, inayoyeyuka karibu nyuzijoto 265. Hiyo pasi inaistahimili, mradi isiwe kali mno.

Mwaka 1936 alioa, na akachaguliwa kuwa mwanachama wa Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani. Mwaka huo huo alilazwa hospitali kwa ajili ya maradhi ya huzuni. Januari 1937 dada yake akafariki, akazidi kuelemewa. Alishaamini kwamba fikra zimemwishia na kwamba hana la maana alilofanya. Tarehe 29 Aprili 1937, siku mbili baada ya kutimiza miaka 41, alijiua hotelini Philadelphia. Mkewe alikuwa na mimba. Binti yao alizaliwa Novemba. Soksi za nailoni zilienea madukani Marekani Mei 1940.

Na ile poliesta aliyoiweka kando? Mwaka 1941, huko Uingereza, Whinfield na Dickson walizipitia kazi zake wakaona kuna asidi moja hakuishughulikia: tereftaliki, yenye pete ya benzini katikati. Pete haijikunji. Walipoitia katika mnyororo, poliesta ikayeyuka karibu nyuzijoto 260. Hiyo ndiyo tunayoivaa, na ndiyo ya chupa za maji.

Miaka ya 1970 watu walikwenda mbali zaidi, wakaunganisha pete kwa pete mpaka mnyororo ukawa mgumu kama fimbo. Fimbo za aina moja tupu huharibika kwa moto kabla ya kuyeyuka. Zikichanganywa na pingili za umbo tofauti kidogo, mpangilio unavurugika na poliesta huyeyuka karibu nyuzijoto 280. Na hata ikiyeyuka, fimbo hubaki zimelala upande mmoja, kama magogo yanayoelea mtoni. Ni kioevu chenye mpangilio wa fuwele. Ndiyo maana hupenya kwenye kalibu nyembamba sana na kutoa vipande vidogo vya ndani ya simu. Nyuzi za jamii hiyo zilitengeneza mifuko ya hewa iliyokituliza chombo cha Pathfinder kilipotua Mars mwaka 1997.

Yote haya yalitoka katika kazi ya mtu aliyeamini kwamba amekwisha. Mwenyewe hakuwaficha waajiri wake, na alipelekwa hospitali, lakini tiba ya zama zile ilikuwa haba. Leo waganga na dawa wapo. Watoto wetu wanasoma mbali, wengine wanaongoza darasani na wazee tunaridhika na matokeo. Mtoto akisema hana nguvu ya kuamka, au kwamba hana faida duniani, tusimwambie ni uvivu au upungufu wa imani. Tumsikilize, tumpeleke kwa daktari mapema, na tusimwache peke yake.